Nilipohisi mwenzangu anatafuta kazi kwingine

Dalili zilikuja moja moja. Simu ikiita, mwenzangu anatoka nayo hadi kwenye ngazi, wakati zamani alikuwa akipokea palepale mezani. Ruhusa za nusu siku zikaongezeka, na siku hizo alikuja amefunga tai. Kisha nikakuta cheti chake cha shahada kimesahauliwa chini ya kifuniko cha mashine ya fotokopi. Nilikirudisha mezani kwake nikakilaza kifudifudi, sikusema neno.

Uhasibu tulikuwa wawili tu, na kufunga hesabu za mwezi alikujua yeye: kipi kinaingizwa kwanza, mteja gani hulipa kwa mafungu, kwa nini taarifa ya benki haikubaliani na daftari letu. Yote yalikuwa kichwani mwake. Akitoa notisi ya mwezi mmoja, ukaondoa na likizo anayodai, ningebaki na siku chache za kujifunza kazi ya miaka.

Kwa bosi sikwenda. Kutafuta kazi si kosa, na tetesi ikishafika juu humnyima mtu mafunzo au nyongeza, pengine hata huko alikoomba hawajamwita. Tena cheti kinaweza kuwa cha maombi ya masomo, na simu za ngazini zikawa za mgonjwa nyumbani. Kumuuliza usoni nako niliona ni kumtega: akikana amenidanganya, akikubali amenibebesha siri.

Basi nikashika la kazi. "Ndugu yangu, mwezi huu naomba tufunge hesabu pamoja. Siku ukiumwa, mimi hapa nakwama." Alinitazama kidogo, akanivutia kiti.

Nilimwomba aongee yeye, mimi nibonyeze, kwa sababu anayetazama tu hudhani ameelewa. Hapo ndipo nilipoona zile tofauti za benki zinatoka wapi: hundi tulizotoa ambazo wenyewe hawajazipeleka benki, na makato ambayo sisi hatuyaandiki mpaka taarifa ije. Kila hatua niliiandika kwenye faili letu la pamoja, naye akasahihisha nilipokosea. Na mimi nikamwonyesha kazi zangu, maana sikutaka ahisi anachimbwa. Nywila zake sikuziomba. Niliomba idhini yangu mwenyewe kwenye mfumo, kwamba nimshikie akiwa likizo.

Barua yake ilipofika, bosi aliniita akauliza kama nilijua. Nilimjibu kwamba hakuwahi kuniambia, na ndivyo ilivyokuwa. Siku za notisi tulizimalizia kwenye deni moja la zamani lenye mabishano, lililohitaji barua pepe zake zote za nyuma. Mengine yalikuwa yameshaandikwa, na mwezi uliofuata niliufunga peke yangu. Aliyeajiriwa baada yake nilimketisha kwenye kiti changu tangu mwezi wake wa kwanza, faili likiwa wazi, anabonyeza yeye.