Vyuma vya kilo moja

Jana jimuni huku Kasarani dada mmoja ameniambia hagusi vyuma vizito, eti atatoka mabega ya kiume. Anainua kilo 1 huku akipiga stori, hata jasho halimtoki. Jamani, testosteroni (homoni inayokuza misuli) ya mwanamke ni kidogo mno, mabega hayo hayaji hivi hivi tu!

Chepesi kinafanya kazi, lakini lazima kikuchoshe: inua mara 25 au 30 hadi mkono ugome. Ukiachia 15 na bado unaweza kupandisha mtungi wa gesi ghorofa ya tano, umepunga upepo tu. Na mafuta ya mkono hayaishi kwa kuinua mkono, hayo muulize sahani. Mimi nimehamia kilo 8, blauzi zangu bado zinanitosha.