Neno lililonikosesha bakshishi Raskazone

Mimi hutembeza wageni hapa Tanga, na hadithi yangu inayouza ni vita vya Novemba 1914. Waingereza walishukia Raskazone na watu kama 8,000, wengi wao wanajeshi wa India. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na 1,000 hivi, wengi askari wa Kiafrika. Jenerali Aitken wa Waingereza akawadharau. Akapigwa, na nyuki wakamalizia.

Siku hiyo nilikuwa na mzee wa Kiingereza na mkewe. Mori umenipanda, nataka kusema jenerali alikuwa na dharau, nikatamka kwa sauti: "The general was contemptible!" Mzee akasimama. Masikio yakamwiva kama kamba wa kuchemshwa. Akauliza taratibu, "Contemptible?" Mimi nikadhani hajasikia, nikarudia, tena mkono kifuani. Mkewe akageukia bahari. Bakshishi sikuiona, hata soda.

Kijiweni mwenzangu mmoja akaniambia maneno hayo yote ni mamoja, Mzungu ana hasira zake tu. Mwingine akasema nimeze kamusi. Nikanunua ya mtumba, elfu saba au nane, ikawa ya kulalia.

Aliyenifungua ni muuza kahawa wa Ngamiani, ambaye Kiingereza hakijui. Akanimiminia kikombe, akauliza: "Sasa hapo, kaka, nani kamdharau nani?"

Basi! Anayedharau ni contemptuous. Anayestahili kudharauliwa ni contemptible. Edible ni kinacholika, visible ni kinachoonekana. Ule mkia wa -ible ni -ika yetu, kwa hiyo contemptible ni wa kudharaulika. Mzee wa watu nilimwambia jenerali wao ni takataka! Contemptuous husemwa hata kwa jicho au kicheko cha dharau, na ukimtaja anayedharauliwa, tia of.

Kumbe mwaka huohuo wa 1914 ilivuma amri iliyodaiwa kuwa ya Kaiser Wilhelm, mfalme wa Ujerumani, ikiliita jeshi la Uingereza lililokuwa Ulaya contemptible. Wanajeshi wenyewe wakalidaka tusi, wakajiita Old Contemptibles kwa fahari.

Wageni waliofuata niliwaambia "contemptuous of the askari", polepole kama navuka mto juu ya gogo. Nikaongeza na hiyo ya Kaiser. Mama mmoja akacheka: babu yake alikuwa mmoja wao. Bakshishi ilitoka nzuri. Jioni nikakilipia kahawa kijiwe kizima, kasoro kikombe cha yule wa "mamoja".