Nilivyoifunga baiskeli yangu mpya ya gia mwenyewe nyumbani

Boksi lilikuja na basi kutoka Dar, nikalipokea stendi ya Msamvu hapa Morogoro Ijumaa jioni na nikatafuta bajaji ya kulipeleka Kihonda maana bodaboda kila mmoja aliliangalia akatikisa kichwa. Kwa ambao hawajawahi kununua baiskeli ya kwenye boksi, inakuja imefungwa nusu, yaani tairi la nyuma, cheni na gia vinakuwa tayari ila tairi la mbele, usukani, siti na pedeli vimelazwa pembeni ili boksi liwe jembamba. Kazi iliyobaki mtu anaweza kusema ndogo, lakini angalia vizuri hizo sehemu zilizobaki, ndo hizohizo zinazokushika ukiwa unashuka mlima.

Dukani waliniambia fundi wao anaifunga bure nikakataa. Nina sababu. Mwaka juzi nilikuwa na baiskeli ya mtumba, nikaipeleka kwa fundi mmoja abadilishe pedeli, ya kushoto ikawa inagoma akailazimisha na spana ndefu mpaka ikaingia upande upande, mimi nimesimama pale naangalia na sijui kitu. Wiki haikuisha, nipo kwenye kamteremko kule Bigwa pedeli ikachomoka na mguu wangu wote ukaenda chini, goti lilichubuka vibaya na kovu lipo mpaka leo. Ule mkono wa pedeli ni aluminiamu, hesi (ile mistari ya kuzungukia kama ya skrubu) zikishaliwa zimeliwa, ukawa wa kutupwa. Tangu siku hiyo nilijiapiza baiskeli nitakayonunua mpya nitaijua mwenyewe kila nati.

Jumamosi asubuhi nikatandika mkeka sebuleni nikatoa vitu vyote. Vifaa nilivyokuwa navyo ni seti ya spana za L (nilizotumia sana ni namba 4, 5 na 6), bisibisi ya nyota, kopo dogo la grisi, spiriti ya famasi, matambara masafi na mkasi. Ndani ya boksi kulikuwa na spana ya bati ile nyembamba yenye matundu mengi, hiyo naomba usiitumie kukazia kitu chochote cha maana, inateleza na inakula kona za nati. Nilichokosa ni spana namba 15 ya pedeli. Nikaenda kwa babu jirani, zamani alikuwa fundi wa baiskeli za Phoenix huko kijijini kwao, mikono imezeeka lakini kisanduku chake cha vifaa bado anakifuta vumbi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nimeona boksi linaingia jana."

Nikamwambia shida yangu, akaitoa spana lakini akabaki kaishika. Akaniuliza, "Pedeli ya kushoto unaikazia wapi?" Nikajibu kwa kuhisi tu, nikasema nadhani ni kama nati zingine. Akasema hapana, ya kushoto hesi yake inaenda kinyume, na wanaolazimisha ndo wanaoharibu baiskeli za watu. Nilinyamaza kimya, nikalishika goti. Kumbe ile siku ya fundi hakukuwa na ubovu wowote kwenye pedeli, alikuwa anaikaza kwa kuilegeza.

Babu alinipa njia rahisi ya kukumbuka na mimi nawapa hivyohivyo: pedeli zote mbili ukikaza, spana ikiwa juu unaisukuma kuelekea mbele ya baiskeli, tairi la mbele liliko. Kulia inakuwa sawa na mshale wa saa, kushoto inakuwa kinyume cha mshale wa saa. Na kila pedeli imeandikwa kwenye ekseli yake, R ya kulia na L ya kushoto, kwa hiyo soma kwanza. Wametengeneza hivyo kwa sababu unapokanyaga, ekseli ya pedeli inajizungusha kidogokidogo ndani ya tundu lake kuelekea upande uleule mkono wa pedeli unakozungukia, sasa kama kushoto kungekuwa na hesi ya kawaida ingekuwa inajifungua yenyewe njiani.

Pedeli niliziacha mwisho lakini acha nizieleze hapahapa. Nilifuta hesi za ekseli na tambara, nikafuta na tundu la mkono, nikapaka grisi kidogo kuzunguka hesi zote, alafu nikashika ekseli kwa vidole viwili tu, spana nimeiweka mbali kabisa. Mara ya kwanza ya kushoto ikagoma, nikaitoa. Nikaizungusha kwanza upande wa kufungua huku nimeigusisha kwenye tundu mpaka nikasikia ka-tik kadogo, hapo ndo hesi zinapokuwa zimekutana, nikageuza upande wa kukaza ikaanza kuingia laini kama mfuniko wa chupa ya maji. Ilizunguka kwa vidole karibu yote, spana niliitumia mwishoni tu kukaza. Ukiona unahitaji spana kwenye mzunguko wa kwanza, toa anza upya, hata kama ni mara kumi.

Haya turudi mwanzo. Foku (ile miguu miwili inayoshika tairi la mbele, yangu ina springi) kwenye boksi inakuwa imegeuzwa nyuma ili nafasi itoshe, na nimeona kwa macho yangu baiskeli zinatembea mtaani hapa foku ikiwa imebaki hivyohivyo imegeuka, hiyo ni hatari, baiskeli inakuwa haishiki njia. Alama niliyotumia ni kishikizo cha breki ya diski (kile chenye pedi zinazobana ile sahani ya chuma katikati ya tairi), kikiwa kimekaa upande wa mguu wako wa kushoto jua foku imeangalia mbele. Nilipoigeuza nikaona waya wa breki umejizungusha shingoni, kumbe nimezungushia upande usio wake, ikabidi nirudishe nigeuzie upande wa pili ndo nyaya zikalala vizuri.

Usukani unashikwa na kifuniko chenye bolti nne mbele ya shingo (kile kipande kinachounganisha usukani na foku). Hizo usikaze moja mpaka mwisho ndo uhamie nyingine, unakaza kidogokidogo kwa msalaba, juu kulia kisha chini kushoto, na ule uwazi kati ya kifuniko na shingo uwe sawa juu na chini. Mimi nilipimia kwa ukucha. Alafu kuna bolti moja ya juu kabisa kwenye kofia ya shingo, hii watu wengi wanaidhania ndo inashika usukani, kazi yake ni kubana beringi za shingo tu. Utaratibu ni kwamba zile bolti mbili za ubavuni mwa shingo zinakuwa zimelegea, unakaza ya juu taratibu mpaka shingo isicheze ila igeuke kirahisi, unanyoosha usukani uwe sawa na tairi, ndo unakaza za ubavuni. Ukianza na za ubavuni ile ya juu hata ukaze na nguvu zako zote haifanyi kitu. Kujua kama imekaa, tairi likishafungwa unabana breki ya mbele, kidole kimoja unakiweka pale foku inapoingia kwenye fremu, unasukuma baiskeli mbele na nyuma. Kidole kikisikia kugonga, bado ina mchezo. Yangu iligonga, nikalegeza za ubavuni nikaongeza robo mzunguko juu, ikatulia.

Tairi la mbele halikunisumbua, ila kuna vipande viwili vya plastiki vya kutoa kwanza, kimoja katikati ya miguu ya foku na kingine katikati ya pedi za breki. Na mshale wa kwenye tairi uangalie kunakoenda baiskeli. Diski usiishike na vidole hata kidogo, hasa ukiwa umetoka kwenye grisi, mafuta yakiingia kwenye pedi breki inapiga kelele na haishiki. Mimi niliigusa, nikaifuta na spiriti kwa tambara safi pande zote.

Kilichonila muda ni breki, masaa mawili kamili. Tairi likizunguka linatoa shii, shii, shii, kila mzunguko. Breki zangu ni za diski za waya, na hizi pedi inayosogea ni moja tu, ya pili inakaa palepale na inarekebishwa kwa spana ya L kwa upande wa ndani. Mwanzo sikulijua hilo nikawa nahangaika na waya tu, nalegeza nakaza, shii iko palepale. Baadae nikachuchumaa na tochi ya simu nikaangalia ule uwazi, nikaona diski imeegemea pedi ya ndani kabisa. Nikarudisha ile pedi nyuma kidogo, nikachomeka kipande cha kadi ya vocha ya zamani kati yake na diski, nikalegeza bolti mbili za kishikizo, nikabana breki kwa mkono na kuifunga hivyohivyo na kipande cha mpira wa tyubu, nikakaza zile bolti mbili kwa zamu, nikafungua mpira nikatoa kadi. Nikazungusha tairi. Kimya! Nilizungusha kama mara tano kusikiliza ule ukimya tu. Angalia pia breki ya mbele imewekwa mkono gani kabla hujapanda, yangu ilikuja kushoto na mimi nimezoea kulia, mtu ukikosea mteremkoni ukaibana ya mbele kwa nguvu unaruka juu ya usukani.

Siti ni rahisi, kuna mstari kwenye bomba lake, huo mstari lazima uzame ndani ya fremu usionekane. Urefu nilipima kwa kukaa na kuweka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unanyooka basi.

Upepo, mdomo wa tyubu ni kama wa pikipiki kwa hiyo pampu ya babu ya Phoenix haikuingia, nikasukuma mpaka gereji ya bodaboda. Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi, langu linasema 40 mpaka 65 PSI, nikamwambia kijana aweke 40 maana njia zangu ni za mawe na tairi gumu sana linarukaruka.

Gia nilirekebisha kwa kuining'iniza baiskeli kwenye tawi la mwembe kwa kamba iliyopita chini ya siti, ili nizungushe pedeli kwa mkono huku naangalia cheni. Kile kimkono kinachohamisha cheni nyuma kina skrubu mbili, H na L. H inazuia cheni isidondoke nje kwenye gia ndogo kabisa, L inaizuia isiruke kwenye spoku kwenye gia kubwa, na hii ya L ndo ya kuogopa maana cheni ikiingia kwenye spoku inavunja vingi. Zangu zilikuwa sawa toka kiwandani sikuzigusa. Shida ilikuwa cheni kutoka gia ndogo kwenda kubwa inayofuata inachelewa kupanda, nikazungusha kile kirekebisho cha waya nusu mzunguko kinyume cha saa, nikaongeza robo, ikapanda bila kusita.

Jumapili asubuhi nikaanza na barabara ya mtaani, nakimbiza nabana breki mpaka karibu kusimama, naachia, nakimbiza tena, kama mara ishirini, maana pedi mpya hazishiki vizuri mpaka zizoeane na diski. Mwanzo niliogopa ila kila mara ilikuwa inashika zaidi. Ndo nikachukua njia ya kupanda Morningside, sikufika juu, niligeuzia pale pumzi ilipokata, na wakati wa kushuka kwenye yale mawe nilikuwa nasikiliza kila sauti. Hakuna kilichogonga.

Jioni nikamrudishia babu spana yake. Akainuka akaja mpaka kwenye baiskeli, akashika pedeli ya kushoto akaitikisa juu chini, akaizungusha, akainama akaangalia hesi zilivyoingia mpaka mwisho. Akanirudishia spana mkononi.

"Kaa nayo, ukitembea wiki moja ukaze tena."

Nilipokaza baada ya wiki, ya kulia haikusogea kabisa, ya kushoto ilikubali kama robo mzunguko hivi ikagota.