Kitambulisho kinasema 1935, lakini bibi alizaliwa lini?

Wengi wanaoandika historia ya ukoo huku Tanzania Bara hukwama mahali pamoja: kwenye miaka. Majina yapo, vijiji vipo, ugomvi wa shamba unakumbukwa hadi mti wa kahawa wa mwisho mpakani, lakini ukiuliza babu alizaliwa mwaka gani unaambiwa "zamani sana, enzi za Mjerumani". Hapo mtu huchukua kitambulisho, akanakili tarehe, akaendelea. Miezi sita baadaye anagundua kwamba kwa hesabu zake bibi alijifungua akiwa na miaka tisa.

Ukikuta 1 Januari au 1 Julai kwenye hati ya mzee aliyezaliwa kabla ya uhuru, ihesabu kuwa ni makadirio ya karani. Enzi za Mwingereza usajili wa vizazi haukuwalazimu Waafrika wa Tanganyika, kwa hiyo cheti unachokiona mara nyingi kilitolewa baadaye sana, kwa kauli ya mwenyewe au ya nduguye. Na umri ulikuwa ukisogezwa. Mtoto aliyepelekwa kuanza shule alipitisha mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Vidole visipofika, alirudi nyumbani kuchunga hadi mwaka unaofuata. Mwenye mikono mirefu akaandikwa mkubwa, mfupi akaandikwa mdogo. Aliyechelewa alipunguziwa miaka ili apokelewe, na aliyekaribia kustaafu naye akajipunguzia. Usimwite mtu mwongo kwa hilo. Andika hati inasema nini, kisha tafuta ushahidi mwingine.

Ushahidi wenyewe unapatikana kwa kalenda ya matukio. Chukua kaunta buku, chora safu mbili: kushoto mwaka, kulia tukio. Anza na ya nchi nzima. Majimaji 1905 hadi 1907 kwa watu wa kusini. Reli ya kati kufika Tabora 1912, Kigoma 1914. Vita ya kwanza, 1914 hadi 1918, wanaume walipochukuliwa upagazi. Vita ya pili, 1939 hadi 1945, vijana walipoingia keya, yaani KAR, jeshi la Mwingereza. Uhuru, 9 Desemba 1961. Azimio la Arusha 1967, Operesheni Vijiji 1973 hadi 1976, vita ya Kagera 1978 na 1979. Kisha ongeza ya kwenu, maana hayo ndiyo yenye nguvu: njaa iliyopewa jina, mwaka kengele ya misheni ilipopandishwa, mto uliochukua daraja. Wagogo wana Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Kwa upande wa Kongwa wazee wengi wanakumbuka matrekta ya mradi wa karanga, 1947.

Tuchukue mfano wa bibi wa huko Kongwa ambaye kitambulisho chake kinasema 1935. Ukimuuliza mwaka wake hajui. Muulize hivi: "Bibi, matrekta ya karanga yalipoingia, ulikuwa na nani mgongoni?" Anasema mtoto wake wa kwanza aliye hai alikuwa anatambaa. Basi mtoto huyo ni wa mwishoni mwa 1946. Kabla yake alizaa mwingine akafa mchanga, weka 1944. Aliolewa mwaka mmoja kabla, yaani 1943, na alikuwa amevunja ungo misimu miwili nyuma, 1941. Binti wa wakati ule ukimpa miaka 14 hadi 16 unafika 1925 hadi 1927. Sasa ukaguzi wa pili, kutoka upande mwingine. Kaka yake alizaliwa Mtunya ikiishia, tuseme 1920, na kati yao yupo dada mmoja. Watoto wakipishana miaka miwili na nusu hadi mitatu, bibi anaangukia 1925 au 1926. Njia mbili zimekutana. Unaandika "takriban 1925–1927", unaweka hesabu yote chini yake, na tarehe ya kitambulisho unaiacha pembeni kama ilivyo. Njia zisipokutana, mara nyingi amesahaulika mtoto aliyekufa. Rudi ukamuulize, kwa upole.

Maswali ya namna hii yana mtu wake wa kuyauliza. Kwa makabila yetu mengi mjukuu ana utani na babu na bibi, kwa hiyo anaweza kuuliza ambayo mtoto wa kuzaa haruhusiwi hata kuyagusa. Mambo ya kuvunja ungo na uzazi amuulize mjukuu wa kike, wanaume wakiwa wametoka. Nenda asubuhi, mzee akiwa ameshakunywa uji, na usizidishe dakika 45. Simu iweke hali ya ndegeni ili isiite, uilaze juu ya kanga iliyokunjwa karibu na mdomo wake. Ukiiweka juu ya meza tupu, kila kikombe kitakachotuliwa kitafunika neno. Kabla ya swali la kwanza taja kwa sauti tarehe, mahali na waliopo. Rekodi isiyo na utambulisho huo, baada ya miaka kumi hakuna atakayejua ni sauti ya nani.

Maneno ya undugu nayo yanaponza watu. "Baba" anaweza kuwa baba mkubwa au baba mdogo, "kaka" anaweza kuwa mtoto wa mama mdogo, na "babu" anaweza kuwa mzee yeyote wa ukoo. Kila jina likitajwa uliza: ni wa tumbo moja? Kama si tumbo moja, ni baba mmoja mama mbalimbali, au ni watoto wa ndugu wawili? Wake wa babu waandike wote, kwa zamu walivyoolewa, na watoto chini ya mama yao. Ukiorodhesha watoto chini ya baba peke yake, nyumba tatu zinageuka moja na mpishano wa umri unakuwa kitendawili. Ogopa pia mlolongo wa majina unaotoka haraka mno. Mababu wa mbali ambao hawakuacha shamba wala ugomvi huanguka njiani, na mtu anarukishwa kutoka kilembwe hadi babu wa babu kana kwamba ni mtu na mwanawe. Kizazi kimoja ni miaka 25 hadi 30. Ukoo unaodai kuhama enzi za Mjerumani huku ukitaja majina mawili tu hadi kijana wa leo, una jina limepotea.

Karatasi zilizo karibu kuliko zote ni historia za marehemu zinazosomwa msibani. Karibu kila nyumba ina bahasha ya hizo. Zina watoto, wajukuu, kazi, vijiji. Lakini ziliandikwa usiku wa matanga na watu waliochoka, tarehe zilitolewa kwenye kitambulisho, na mtoto wa nje ama ameachwa ama ameingizwa kimyakimya. Zikusanye zote, uzilinganishe.

Kwa Wakristo, kitabu cha ubatizo ndiyo hazina. Kosa la kawaida ni kwenda parokia ya leo. Parokia nyingi zilikuwa vigango wakati babu anabatizwa, kwa hiyo jina lake liko kwenye misheni mama. Uliza kwanza kigango chenu kilikuwa chini ya misheni gani mwaka huo. Nenda na barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa jumuiya au paroko wako, na mwaka wa makadirio. Usitegemee kuachiwa kitabu siku nzima. Vitabu vya zamani vya Katoliki viko kwa Kilatini: natus ni kazaliwa, nata kwa mwanamke, circiter ni takriban, patrinus ni baba wa ubatizo, in periculo mortis ni kwamba alibatizwa akiwa mahututi. Tarehe ya ubatizo usiichukue kuwa ya kuzaliwa. Mtu mzima aliyebatizwa alikadiriwa umri na padri kwa kumtazama. Usiondoke kabla ya kusoma pembeni. Katika Kanisa Katoliki ndoa hurudishwa kuandikwa kando ya ubatizo, na hapo unaweza kupata tarehe, parokia alikooa na jina la mke, yote kwa mstari mmoja.

Jina likikosekana, lisome kwa sauti ukiwa unamfikiria mwandishi. Mjerumani aliandika Muansa kwa Mwanza na Dschagga kwa Chaga, basi na Mchaga wako naye atakuwa amevaa herufi hizo. Tafuta pia jina la nyumbani, maana jina la ubatizo huenda halikutumika nje ya kanisa.

Kwa Waislamu, kaburi la maandishi au hati ya zamani itakuwa na mwaka wa Hijria. Zidisha kwa 0.97, ongeza 622: mwaka 1320 unakuja 1902. Kumbuka siku yao inaanza jua likizama, hivyo "usiku wa Ijumaa" wa mzee ni usiku wa kuamkia Ijumaa.

Makaburi mengine hayako kijijini kabisa. Operesheni Vijiji iliacha mahame, na marehemu wa kabla ya hapo wamelala huko. Uliza walikuwa wanaishi wapi kabla ya kuhamishwa, nenda na mzee mmoja anayeweza kutembea, tafuta mwembe, minyaa au masale yaliyopandwa kwa mstari. Piga picha, weka alama ya ramani kwenye simu hapohapo.

Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na zile za Kilimani Zanzibar, ziache kwa mwisho. Watu wa kawaida hawamo kwa majina isipokuwa alikuwa jumbe, karani, askari au mshtakiwa. Vitabu vya wilaya, yaani kumbukumbu za maofisa wa Mwingereza, ndivyo vinavyosaidia, kwa habari za njaa, wahamaji na watemi wa mahali penu.

Ukianza kuandika, mpe kila mtu ukurasa wake, na kila tarehe ipewe herufi: K kwa kauli, H kwa hati, M kwa makadirio. Kauli iwe na jina la msemaji na siku aliyosema. Habari za utumwa, mtoto wa nje au ugonjwa ulioua nyumba nzima, waulize kwanza wanaohusika. Wakikataa, zihifadhi kwenye bahasha iliyofungwa na uandike juu ifunguliwe lini. Picha za zamani zipige karibu na dirisha bila mwanga wa simu, na majina yaandike nyuma kwa penseli, kwani wino unapenya. Chapisha nakala tano za A4, zigawe nyumba tano tofauti, acha theluthi ya kila ukurasa wazi, na ufunge kalamu kwa uzi kwenye kila nakala. Mkutano wa ukoo ujao uzikusanye zote.