Saa ya jikoni

Aichi, Japani, Alhamisi, 12 Juni 2025

Nguo zimetanda sebuleni kama bendera za uchaguzi. Msimu wa mvua, wenyeji wanauita tsuyu, umeshaingia, na kuanika nje ni kujidanganya. Nimekaa chini ya soksi za mume wangu. Mbele yangu kuna daftari la mawasiliano la binti yetu, lile ambalo mwalimu na mzazi huandikiana. Mwalimu ameuliza swali. Nina mistari mitatu ya kumjibu, na tangu magharibi sijaandika hata neno.

Mambo yalianza Jumanne. Kila tarehe 10 Juni Wajapani wana Siku ya Wakati, waliyoianzisha mwaka 1920 kukumbuka saa ya maji ya mfalme Tenji. Mwaka 671 aliiweka ikawa inapimia wakati, kisha ngoma na kengele zinapigwa watu wajue ni saa ngapi. Watu wa namna hii huwezi kuwaambia "niko njiani" na wewe bado uko bafuni.

Basi darasa la kwanza wakapewa karatasi yenye picha za saa tatu zisizo na mishale. Mishale mama yangu anaiita akrabu, na mimi nikiwa naye huiita hivyo hivyo kuepusha maneno. Mtoto achore: unaamka saa ngapi, unakula chakula cha jioni saa ngapi, unalala saa ngapi.

Karatasi ikarudi jana ndani ya randoseru, lile begi gumu la mgongoni ambalo ukimtazama mtoto kwa nyuma unaona begi linatembea lenyewe. Nikaikunjua. Saa zote tatu zimetiwa alama ya vema kwa wino mwekundu. Tatu kwa tatu! Nikapiga kigelegele hapo hapo mlangoni, viatu hata hajavua. Binti akanitazama, mdomo ukaanza kumcheza, akaangua kilio.

Huku alama ya vema maana yake umekosa. Ukipata unazungushiwa duara. Miaka tisa niko nchi hii. Nimejua siku ya takataka za kuchomwa na siku ya chupa, nimejua kuvua viatu nikavigeuza vitazame mlango, nimejua hata kukataa kitu bila kusema hapana. Hilo la vema hakuna aliyeniambia, na nani angeniambia? Sikusoma shule yao. Naianza sasa, darasa la kwanza, kupitia begi la mtu mwingine.

Nilipomaliza kumbembeleza ndipo nikazitazama zile saa vizuri. Anaamka kumi na mbili na nusu. Anakula chakula cha jioni saa moja. Analala saa mbili na nusu. Yaani kwa macho ya mwalimu, mtoto huyu ana siku ya saa mbili tu: anafumbua macho, anakula, anarudi kulala. Chini yake mwalimu ameandika kwa hiragana, zile herufi zao nyepesi, kubwa kubwa, kwa ajili yangu bila shaka, kwamba ana wasiwasi kidogo na usingizi wa mtoto.

Kosa ni langu. Ni mimi ninayemvuta shuka kila asubuhi nikisema, "Amka, saa kumi na mbili na nusu, wenzako watakuacha," maana wanakwenda shule kwa msafara, wakubwa mbele na nyuma, wadogo katikati. Ni mimi ninayesema saa moja tule, saa mbili na nusu taa zizimwe. Yeye alichofanya ni kuyachukua maneno yangu yalivyo na kuyatia mishale.

Nikamweleza. Kwamba sisi saa tunaihesabu kuanzia jua linapochomoza, kwamba ukiona sita wewe sema kumi na mbili, ukiona saba sema moja. Akanisikiliza kwa adabu yote, kisha akasema, "Lakini Bibi hasemi hivyo."

"Bibi gani?"

"Bibi wa Tanga. Bibi akisema saa saba, saa yetu ya jikoni inaonyesha saba. Wewe ukisema saa moja, inaonyesha saba. Bibi anajua kusoma saa. Wewe hujui."

Hapo nikakaa kitako. Maana ana haki, na jambo lenyewe mimi nililigundua siku mbaya, nikalisahau. Japani imetutangulia saa sita. Na saa yetu ya Kiswahili inapishana na namba za kwenye saa kwa sita. Sita inaifuta sita. Kwa hiyo saa iliyo ukutani kwangu hapa Aichi, bila kuigusa, inasoma wakati wa Tanga kwa Kiswahili. Mjapani akisema ichi-ji, yaani saa moja, ambayo ni saa saba yetu ya mchana, mama yangu kule ndiyo kwanza saa moja asubuhi, anachekecha chai. Namba ni ile ile.

Siku mbaya ilikuwa tarehe 1 Januari 2024, tetemeko la ardhi la rasi ya Noto. Sisi tuko mbali na Noto, lakini taa ya jikoni iliyumba na sahani zikaanza kuongea kabatini. Kwenye televisheni mtangazaji alikuwa akipaza sauti watu wakimbie, na kwenye kioo wakaandika kwa hiragana tupu, bila kanji, zile herufi ngumu, ili hata mtoto na mgeni asome: tsunami, kimbia. Binti alikuwa na miaka mitano, ndiyo kwanza anajua herufi. Akazisoma kwa sauti, moja moja, na-mi, ni-ge-te, kama anasoma ubao wa duka. Sijapenda siku ile kwamba anajua kusoma.

Mama alipopiga simu nikamwambia limepiga saa kumi na dakika kumi. Akasema, "Redio inasema saa nne na dakika kumi." Nikainua macho nikaikumbuka saa ya ukutani ilivyokuwa: mshale mdogo kwenye nne.

Mume wangu alirudi jana usiku, nikampa kisa chote, akacheka mpaka akashika ukuta. Yeye yuko kwenye yadi ya magari yaliyotumika, yanayongoja meli bandari ya Nagoya, na mengi yanakwenda kwetu. Ndiye aliyenisomea mara ya kwanza yale maandishi ya Kijapani niliyokuwa nikiyaona kwenye mlango wa daladala nikiwa msichana, nikidhani ni dua au jina la kampuni. Yanasema: mlango wa otomatiki. Mlango ambao konda alikuwa akiufunga kwa bega.

"Mwandikie mwalimu," akasema. "Lakini kwa kifupi."

Kwa kifupi! Nilitumia mistari yote kumi na miwili ya jana. Nikamweleza mwalimu kwamba kwetu, Ikweta iko jirani, jua linachomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima, ndiyo maana linafaa kuanzia hesabu. Huku jua la Juni linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, halina mpango. Nikaomba radhi mara tatu, kwa sababu barua ya Kijapani isiyo na radhi huonekana kama ugomvi.

Leo jibu limekuja. Ile karatasi imerudi, na kando ya zile alama za vema mwalimu amezungusha duara, matatu. Vema hakuzifuta. Chini ameuliza, na inaonekana ameuliza kwa hamu ya kujua, si kwa kutimiza wajibu: basi kwenu siku mpya inaanza saa ngapi?

Ningeweza kujibu "saa sita usiku, kama huku" nikalala. Kwenye kitambulisho na tiketi ya ndege ndivyo. Lakini mkono ukakataa. Nikasema ngoja nimuulize mwenye saa yake.

Saa mbili usiku tukampigia. Jikoni mshale mdogo kwenye nane, na yeye ndiyo saa nane mchana, ametoka kuswali adhuhuri, amejilaza barazani na kanga yake. Mimi nilikuwa natoa vichwa vya dagaa wao wa kuchemshia supu, niboshi, ambao mimi nawakaanga na nyanya, na siku nikiwa na bamia napata mlo ambao nikifumba macho niko nyumbani.

"Mke mwenzangu!" mama akaanza. "Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Huko saa ngapi?"

"Saa nane, Bibi. Kama kwako." Akanitupia jicho.

Niliwaacha wamalize mambo yao, kisha nikamuuliza. Mama akaona nimechanganyikiwa kwa ugeni. "Siku inaanza jua likizama. Kwani wewe ulifundishwa nini? Leo Alhamisi, jua likizama tumeingia usiku wa Ijumaa. Ijumaa inaanza na usiku wake."

"Naandika hivyo hivyo?"

"Andika. Ndivyo ilivyo." Kisha akanyamaza, nikamwona anasogea karibu na simu, anatazama dirisha la jikoni nyuma yangu. "Huko kwenu mbona giza?"

"Jua limezama muda, mama. Saa mbili hii."

Akafikiri. Nyuma yake nilisikia pikipiki ikipita na jogoo asiyejua saa akiwika mchana kweupe. Kila usiku wa Ijumaa, tangu 2017, baada ya magharibi mama humsomea baba Yasini, amekaa pale pale barazani.

"Kumbe nyinyi mmeshaingia," akasema. "Mimi bado nina mchana mzima. Basi osha mikono hiyo ya dagaa, utangulie wewe kumsomea."