Hatua Arobaini na Mbili

Kamba ilikuwa ya nailoni, ya buluu, zile za kufungia mitumbwi. Ncha ya juu niliishika mimi. Ya chini aliishika kijana wa yule mzee tuliyemkuta kwenye ardhi yetu. Hatukutazamana. Katikati walisimama wajumbe wa tume ya ardhi, bashingantahe watatu, yaani wazee wanaoaminiwa kusuluhisha, na baba yangu, macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho, anauliza kila baada ya dakika mbili: "Wamefika wapi?"

Ilikuwa Oktoba 2008, kilimani juu ya Rumonge, kusini mwa Burundi. Ziwa Tanganyika lilionekana kule chini. Baba alikuwa amelisimulia ziwa hilo utoto wangu mzima, na sasa amefika hakuliona.

Alitoka pale mwaka 1972. Mwishoni mwa Aprili uasi ulizuka kando ya ziwa, Rumonge na Nyanza-Lac, watu wakauawa. Kisha jeshi likalipiza kisasi nchi nzima kwa miezi. Waliokufa mwaka ule huhesabiwa kwa malaki. Babu yangu alichukuliwa asubuhi moja, hakurudi, na kaburi hana. Baba akakimbilia kusini, hadi Kigoma, mwisho wa yote makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mpanda, Tanzania, ambako nilizaliwa mimi. Huko kila familia ilipewa hekta 5. Tulilima mahindi na tumbaku, nikasoma kwa Kiswahili, na Kirundi changu kikabaki cha jikoni.

Mwaka 2007 Serikali ya Tanzania ilituuliza sisi wa 1972, watu kama 218,000: uraia au kurudi? Mmoja kati ya watano alichagua kurudi. Kaka zangu wote watatu waliomba uraia, na sikuwalaumu. Baba akasema anakwenda kwao. Wa kumsindikiza nikapatikana mimi, kitinda mimba, sina mume, sina shamba la kuniuma kuliacha. Treni hadi Kigoma, malori hadi mpakani Manyovu, halafu Mugina, tukawa Burundi. Katumba nilikuwa Mrundi. Sokoni Rumonge, nilipofungua mdomo kuuliza bei ya dagaa, akina mama wakacheka wakaniita Mtanzania.

Yule mzee alipewa ile ardhi na wakuu wa wakati ule, mwaka 1974, na karatasi yake ina muhuri. Sheria ya ardhi ya 1986 ilikuwa upande wake: ukikaa miaka 30 bila kudaiwa, ni yako. Mkataba wa Amani wa Arusha, wa Agosti 2000, ulikuwa upande wetu: mkimbizi arudishiwe mali yake, au alipwe fidia ya haki. Karatasi mbili za serikali, shamba moja. Tume iliyoundwa 2006 kwa kesi kama hizi ilipendelea dawa moja kuliko zote: elewaneni, gaweni.

Mimi nilikuwa nachemka. Usiku wa kuamkia siku ile, chini ya turubai letu, nilimwambia baba: mtu ukimkuta na mbuzi wako, mnagawana mbuzi? Akanyamaza mpaka nikadhani amelala. Kisha akasema, "Walioniibia hata majina yao siyajui, mwanangu. Huyu nimemkuta tu." Sikuridhika. Na kichekesho ni kwamba kwa desturi ya kule binti harithi ardhi ya baba yake. Nilikuwa napigania udongo ambao usingekuwa wangu kamwe.

Nilikuwa nimeapa sitamsalimia yule mzee. Asubuhi akatokea amevaa koti zito juani, fimbo mkononi, na mdomo wangu wa Katumba ukanisaliti: "Shikamoo." "Marahaba," akajibu, kwa Kiswahili cha watu wa mwaloni. Nilijichukia hadi saa nne.

Wazee walitaka baba athibitishe anapafahamu. Akavua viatu. Akatembea polepole, nimemshika kiwiko, akawa anawatajia: hapa panashuka, mbele kuna jiwe, chini yake kijito. Vyote vilikuwepo. Kisha akaninong'oneza, "Michikichi ni mirefu au mifupi?"

"Mifupi. Mingi sana."

Hakusema kitu. Mifupi maana yake ilipandwa na mwingine.

Yule mzee ndipo akaanza kusema, kwa Kirundi ambacho hata mimi nilikielewa: "Ntitwabirukanye." Sisi hatukuwafukuza. Alilirudia mara tatu, ya tatu akinitazama mimi.

"Najua," baba akamjibu. "Lakini michikichi ya baba yangu umeikamua miaka thelathini na minne."

Mjumbe mmoja akakohoa. Nikaikaza kamba, nikidhani sasa ndio tunapigana. Mzee akakaa kimya kidogo, akasogea karibu na baba, akasema kama mtu anayetoa hesabu kwa mwenye mali: "Ilikuwa sita. Miwili ilipigwa na radi. Imebaki minne."

"Miwili ipi?"

"Ile ya karibu na kijito."

"Ile ndiyo ilikuwa inazaa," baba akasema.

"Ndiyo hiyo hiyo. Ilikuwa inazaa kweli."

Wakaendelea hivyo. Mti upi ulianza kuzaa lini, mwaka gani ulileta ukame. Sisi wenye kamba tulisimama juani hadi mikono ikafa ganzi.

Upana wa shamba ulikuwa hatua 84, kwa miguu ya mjumbe mmoja mfupi. Hatua 42 kila upande. Nyumba yake ilibaki kwake, mirefu mitatu ikaja kwetu, ila choo chake kiliangukia upande wetu, akaomba akitumie hadi kiangazi. Kwa hiyo muhtasari wa maridhiano yetu una kifungu kizima kuhusu choo. Wakatia dole gumba, wote wawili, kwenye kidau kimoja cha wino. Mpaka ukapandwa vijiti vya minyaa. Hakuna aliyekumbatiana na mtu, na hakuna aliyeomba msamaha.

Siku ya tatu, kabla jua halijachomoza, nilijiiba nikaenda kuuhesabu mpaka. Nilianzia kwetu, kichwa chini, nahesabu kwa midomo. Kwenye minyaa nikainua uso. Mzee alikuwa amesimama upande wa pili, koti lake lilelile, amelowa umande hadi magotini, na midomo yake bado inacheza.

"Zako ngapi?" akaniuliza.

"Arobaini na mbili."

Akatikisa kichwa kukubali. "Hata zangu."

Akageuka akaelekea chooni.