Nilivyomkalisha shangazi mbele ya picha isiyo na haraka

Shangazi yangu ni mtu wa picha za Kihindi za zamani: saa tatu, nyimbo, mama anayelia, ngumi mwishoni. Kumwonyesha Shakespeare Wallah ya mwaka 1965, isiyo na rangi, ya Kiingereza, tena yenye ukimya mwingi, haikuwa kazi ndogo.

Nilianza na chambo. "Shangazi, Shashi Kapoor yumo, bado kijana kabisa." Anamjua tangu picha ya Kihindi ya Deewaar. Akavuta kiti.

Kiingereza hakimpandi, lakini sikutaka kutafsiri kila neno kama wanavyofanya kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video mtaani. Picha ya aina hii ukiipigia kelele unaiua. Kabla ya kuiwasha nikamweleza hali yenyewe: India imeshapata uhuru, na familia ya waigizaji Waingereza bado inazunguka mji kwa mji na tamthilia za Shakespeare, huku watazamaji wakipungua kwa sababu watu wanataka sinema za Bombay. Baada ya hapo nilimnong'oneza tu nani ni nani kwa nani. Nyuso anazisoma kuliko mimi.

Ila kilichomshika hasa ni umbea. Geoffrey Kendal na Laura Liddell, wazazi kwenye picha, ni mume na mke kweli, na Felicity, anayecheza Lizzie, msichana anayetongozwa na Shashi kwenye picha, ni binti yao wa kumzaa. Kundi la namna hiyo walikuwa nalo kweli, na Shashi alimwoa Jennifer, dada yake Felicity.

"Kumbe anamtongoza shemeji yake!" Hapo usingizi ukaisha.

Nilijaribu pia kumsifia mwongozaji, James Ivory, Mmarekani aliyefanya kazi na Ismail Merchant wa Bombay kwa fedha kiduchu, na muziki wa Satyajit Ray. Hayo hakuyajali.

Tulisimamisha kwa ajili ya Isha, kisha tukasimamisha tena kwa ajili ya ugomvi. Manjula, nyota wa sinema na mpenzi wa Sanju, yaani Shashi, anakuja kutazama tamthilia ya Othello, na ukumbi mzima unageuka kumtazama yeye. Mimi nilikuwa upande wa waigizaji wale maskini. Shangazi hakukubali: "Kosa lake nini? Watu wanampenda!" Nadhani Ivory alitaka tuwahurumie wa jukwaani, lakini Madhur Jaffrey anamcheza Manjula kwa raha mpaka anawapora wenzake picha. Tamasha la filamu la Berlin lilimpa Madhur tuzo ya mwigizaji bora wa kike mwaka huohuo wa 1965, kwa hiyo shangazi ana wenzake.

Lizzie alipopanda meli kurudi Uingereza, shangazi aliniuliza, "Harusi hakuna?"

"Hakuna."

"Basi Manjula atabaki naye."

Picha haisemi hivyo, lakini sikubishana. Sasa natafuta The Householder ya 1963, ya mwongozaji huyohuyo. Shashi yumo tena. Madhur hayumo, na hilo sijamwambia.